Faili la SACCOS limevuja, na mume wangu ameona jina la mrithi wangu

Anti, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Moshi mjini. Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto watatu na nimeajiriwa. Kazini kwetu tuna SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ambayo nimo kwa zaidi ya miaka kumi. Jina lake sitalitaja, na hata wewe ukilihisi naomba ulimeze, maana Moshi hii ukikohoa Pasua, wa Rau wanakupa pole.

Mwezi wa kumi karani wetu, binti mdogo tu mwenye adabu zake, alikuwa anatuma tangazo la mkutano mkuu kwenye grupu la WhatsApp la wanachama. Badala ya tangazo akatuma faili la Excel la wanachama wote. Ilikuwa usiku, akalala. Mpaka anaamka na kulifuta, watu walishalipakua, na lilikuwa limeshahamia kwenye grupu la ukoo wa huyu na la kikoba cha yule. Mle ndani kila mtu ana mstari wake: jina, namba ya NIDA, simu, mshahara, hisa, akiba, mkopo uliobaki, wadhamini, na mwisho kabisa jina la mrithi, simu yake, na uhusiano wake na mwanachama.

Wiki haikuisha, simu zikaanza. Kuna mwalimu mstaafu aliyenidhamini mkopo wangu wa ujenzi. Alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa chama. Akamtajia jina langu, akamtajia deni langu bila kukosea hata shilingi, akamwambia nimekwama marejesho, na kwamba ili akiba yake isikatwe atume 620,000 siku ile ile, atarudishiwa mambo yakikaa sawa. Mzee akatuma. Mimi hakunipigia. Alikuja kuniambia baadaye kwamba aliona haya kumuuliza mtoto wa watu habari za deni lake.

Kwangu likaingia kwa mlango mwingine. Mume wangu si mwanachama. Rafiki yake alimwonyesha lile faili Jumamosi, wako grosari. Alirudi nyumbani hakusema kitu, akala, akasubiri watoto walale, ndipo akaniwekea simu mezani, mstari wangu kaukuza umejaa kioo chote. Akiba: 6,400,000, na yeye alikuwa anajua nina kama milioni mbili. Mrithi: jina la mdogo wangu. Uhusiano: dada. Akaniambia, "Kumbe mimi ni wa kukuzika tu, wa kurithi yupo." Tangu siku hiyo tunaongea habari za ada na gesi, basi.

Anti, nilimwandika mdogo wangu miaka minne iliyopita, baada ya mume wangu kuuza kiwanja chetu cha Bomang'ombe, na mimi habari nikaipata kwa mnunuzi. Sikugombana naye. Nilikwenda ofisini nikabadilisha fomu, nikarudi nikapika.

Wiki iliyofuata mama yake karani akaja nyumbani alfajiri ameshika isale, jani letu la kuombea msamaha, ameongozana na mwenyekiti wa bodi. Unajua kwetu aliyekuja na isale harudishwi. Nikalipokea. Mama wa watu analia, anasema binti hali wala halali, anaogopa kufungwa. Mwenyekiti akasema tumalize ndani kwa ndani, sisi ni familia moja. Wakati wa kuaga akaniachia karatasi ya kusaini. Imeandikwa kwamba nimesamehe na sina madai yoyote dhidi ya chama, bodi wala watumishi wake kuhusu kusambaa kwa taarifa. Nikasema nitaisoma kwanza. Siku mbili baadaye nikasikia ofisini kwamba wasiosaini, mikopo yao ya ada ya Januari itasubiri. Na mimi Januari nina mtoto anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni.

Upande wa pili kuna wenzetu wanachangishana elfu ishirini ishirini wamlipe wakili, tukishtaki chama. Wanasema tutalipwa mamilioni. Mwingine ananiambia achana na mahakama, siku hizi kuna Tume ya serikali ya mambo ya taarifa za watu, nipeleke huko.

Nifanyeje? Nikilalamika, si nitakuwa nimemfunga binti ambaye isale yake nimeshaipokea? Nikisaini, si nitakuwa nimejiziba mdomo? Na hata nikilipwa, hiyo hela itanirudishia maelewano nyumbani? Nisaidie mawazo, maana kila ninayetaka kumuuliza naye yumo kwenye faili.

Mama wa Watatu, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Sentensi yako ya mwisho imenikaa kichwani, maana ndiyo ugumu wa jambo lenyewe: kilichovuja hakikufika kwa watu wa mbali, kimefika kwa shemeji, kwa jirani, kwa mtu unayekaa naye benchi moja kanisani.

Nikikusikia vizuri, una uchungu wa aina mbili na umeufunga kwenye mzigo mmoja. Kuna chama kilichoshindwa kutunza ulichokikabidhi, na kuna mume aliyesoma kwenye simu ya rafiki kitu ambacho hakukisikia kutoka kwako. Viliingia siku zinazofuatana, ndiyo maana vinaonekana kitu kimoja. Sheria ina la kusema kuhusu cha kwanza. Cha pili nitakigusa, ila huko hakuna Tume.

Nianze na binti. Barua yako yote inamzunguka yeye: kafanya, kalala, kafuta, mama yake kaja, atafungwa. Chama chenyewe hukukitaja kama mkosaji mahali popote. Hebu tujiulize pamoja. Faili lenye mishahara, namba za NIDA na warithi wa watu wote lilifikaje kwenye simu ya karani, likakaa pamoja na matangazo ya mikutano? Lilikuwa na nywila? Nani alimwambia alibebe? Na kwa nini taarifa ya mrithi, ambayo inahitajika siku mtu amefariki, iko karatasi moja na namba za simu zinazotumika kila wiki? Maswali hayo si ya kumuuliza binti wa miaka ishirini na kitu. Ni ya meneja na bodi.

Na ndivyo sheria inavyolitazama. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Aliyekusanya taarifa zako ndiye aliyebebeshwa wajibu wa kuzilinda, na aliyekusanya ni chama. Anatakiwa awe amejisajili kwenye Tume, awe na afisa anayeshughulikia ulinzi wa taarifa hizo, aweke hatua za usalama, na zikivuja aiarifu Tume bila kuchelewa. Miamala ya kifedha ya mtu imewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo akiba na deni lako si habari za kawaida kama jina na mtaa. Makosa ya jinai kwa mtu mmoja mmoja yapo, sikufichi, ila kulalamikia chama kwamba hakikulinda taarifa si sawa na kumfungulia binti kesi ya jinai. Unaweza kuandika malalamiko yako yote bila kumwombea adhabu, ukasema wazi kwamba unalalamikia utaratibu wa ofisi.

Hapo ndipo naitazama ile isale. Mama alikuja kumwombea mwanawe, na wewe ukapokea. Hilo limeisha, na wala sioni sababu ya kulirudia. Lakini kuna mtu aliingia nyuma ya jani lile na karatasi kwapani. Isale ya mama ilimwombea binti; karatasi ya mwenyekiti inaombea chama, bodi na watumishi wote kwa pamoja. Wewe mwenyewe, kama mtu wa mila zako, unaonaje: ulichompa mama kinamfunika na mwenyekiti? Wazee wa kwenu watalijibu hilo kuliko mimi, na huenda ni vizuri kumuuliza mmoja ambaye hayumo kwenye faili.

Karatasi yenyewe ina pande mbili. Ukiisaini, huenda Januari ikapita bila presha, na kwa mtu anayetafuta ada hilo si jambo dogo. Lakini siku ukidai fidia, ndiyo itakayowekwa mezani ya kwanza. Usipoisaini, unaweza kucheleweshewa mkopo na watu wanaojua kabisa unabanwa na nini. Sheria ya Mikataba inataka ridhaa ya mtu iwe huru, na ridhaa iliyopatikana kwa kumshika mtu pabaya inaweza kupingwa. Shida ni kwamba kuipinga baadaye ni kazi, na utatakiwa uonyeshe ulibanwa. Sasa hivi ulichonacho ni maneno ya korido tu: "nimesikia ofisini". Kabla hujaamini au hujakataa, unaweza kumwandikia meneja, kwa upole kabisa, ukauliza kama kusaini ile karatasi ni sharti la mkopo wa ada, na kama ni sharti, liko kwenye kipengele gani cha sera ya mikopo. Mara nyingi sharti la namna hiyo likitakiwa kwa maandishi linapotea lenyewe. Lisipopotea, jibu lao litakuwa ushahidi wako. Tena karatasi hiyo usiisaini ukiwa umesimama mlangoni. Ina haki ya kusomwa na mtu mwingine kwanza. Hapo Moshi shirika la KWIECO limewasaidia wanawake kisheria kwa miaka mingi, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi. Kwenda kusomewa karatasi si kushtaki mtu.

Sasa hiyo Tume uliyoambiwa. Ipo, inaitwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 3, 2024. Inapokea malalamiko ya mtu wa kawaida, hata kwa mtandao, bila kufunga safari. Ikipokea, sheria inaipa siku 90 za kuchunguza, na muda huo unaweza kuongezwa. Inaweza kukiamuru chama kirekebishe mambo na inaweza kukitoza faini. Na asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama Kuu. Faida yake kwako ni kwamba huhitaji kumlipa wakili ili uanze, wala husimami kizimbani mbele ya wenzako wote. Hasara yake ni muda: Januari itafika kabla ya siku hizo 90.

Lakini kuna jambo kwenye njia hii ambalo wanaokushauri naona hawajakwambia. Faini ya kiutawala ya Tume inaweza kufika shilingi milioni 100. Kama chombo kilichovujisha kingekuwa benki au kampuni ya simu, ungesema na walipe. SACCOS ni ya nani? Ni yako, ya mwalimu mstaafu, ya wote mliomo kwenye lile faili. Faini ikipigwa inatoka kwenye mfuko ambao gawio lako linatoka humo humo. Sisemi hivyo ili unyamaze, hapana. Mwenyekiti angefurahi sana kuitumia hoja hii. Nasema kwa sababu umiliki huo unakupa na mlango ambao mteja wa benki hana. Unaweza kuipeleka ajenda kwenye mkutano mkuu. Unaweza kutaka bodi ieleze mbele ya wanachama nani alikuwa na faili, limebadilishwa nini tangu siku ile, na Tume iliarifiwa lini. Bodi ikiziba masikio, kuna ofisi ya Mrajisi Msaidizi wa Vyama vya Ushirika mkoani, maana SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mji wenu una KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, tangu 1933. Mkisema hamjui kuiuliza bodi maswali, nani atajua? Ubaya wa mlango huu ni kwamba utasimama na kusema mbele za watu, na baadhi yao ndio waliolisambaza.

Hao wa elfu ishirini siwabezi, wana hasira halali. Ila kabla hujatoa hela ningependa ujue nani anaitunza, wakili ni nani, amekubali kwa maandishi kufanya kazi gani, na mkishindwa gharama za upande wa pili zitalipwa na nani. Watu wengi wanaweza kushtaki kwa pamoja kupitia wawakilishi, Amri ya Kwanza kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu, lakini kwa kibali cha mahakama kwanza. Na hayo "mamilioni" yana sharti. Sheria inatambua haki ya fidia kwa aliyeathirika, ila itabidi muonyeshe madhara na muonyeshe yametokana na kuvuja. Kwa mwalimu ni hesabu: 620,000, na tapeli alikuwa na deni lako mkononi. Kwako wewe madhara ni ukimya wa nyumbani. Si kwamba hayana thamani, lakini ili yahesabiwe yatabidi yaelezwe, na kuyaeleza ni kumleta mume wako, mdogo wako na kiwanja cha Bomang'ombe mahakamani, mlango wazi. Huenda uko tayari kwa hilo. Jiulize tu ukiwa umetulia.

Na huyo mwalimu nimemtafuta kwenye maswali yako sikumwona, kumbe ndiye mwenye dai lililo wazi kuliko wote. Yule aliyempigia ni mhalifu, na kosa lake ni tofauti kabisa na uzembe wa chama. Hilo ni la polisi. Kama bado hajafungua jalada akapata RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kuna haja. Kumbukumbu ya muamala iko kwenye simu yake na kwa mtandao wake, na namba iliyopokea imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu fulani. Kuzipata hela ni ngumu siku zikishapita, nisimdanganye, lakini bila jalada hata dai lake dhidi ya chama litakosa mguu. Anaona haya, ndivyo alivyokwambia. Haya ile ile iliyomzuia kukupigia wewe ndiyo itakayomzuia kwenda kituoni peke yake. Unaweza kumsindikiza?

Kuna mwingine tumemsahau wote: mdogo wako. Yeye si mwanachama, hajawahi kukopa hata mia, lakini jina na simu yake vimo. Anajua? Anaweza kupigiwa akaambiwa dada yake amefariki, au kwamba kuna akiba ya kuchukua, atume hela ya kufungulia. Mwambie leo. Naye ana haki ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe, na hiyo nayo ni njia ambayo mwenyekiti hakuifikiria alipochapa karatasi yake.

Wakati unaendelea kufikiri, kuna mambo ambayo hayahitaji uamuzi mkubwa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA; ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ifungwe. Ujumbe wa matapeli upeleke 15040. Badilisha namba ya siri kama inafanana na mwaka wa kuzaliwa au na chochote kilichomo kwenye faili. Na ushahidi: piga picha ya skrini ya ule ujumbe kwenye grupu ukionyesha tarehe, saa na jina la faili, na ya mstari wako peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo, ila simu yenyewe iliyopokea usiiuze wala kuifuta. Lile faili usimtumie mtu, hata wakili, hata kwa nia njema, mpaka uambiwe ni lazima na kwa nani. Kila anayelirusha anarusha na wengine.

Najua unatamani lile faili lisingekuwepo kabisa. Hilo, mwanangu, hakuna atakayekupa. Hata Tume ikikupa ushindi wote, haiwezi kuingia kwenye simu za watu wa grosari. Inachoweza ni kukilazimisha chama kisirudie, na kukupa wewe haki ya kujua wanacho nini chako, kukisahihisha, na kufuta wasichokihitaji. Mshahara wako, kwa mfano, una kazi gani kwenye orodha ya simu?

Nije nyumbani. Kisheria hukufanya kosa lolote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mwanamke aliyeolewa kuwa na mali yake, na ndoa haiigeuzi akiba yako kuwa ya mume. Lakini wewe hukuniuliza sheria. Umeandika kana kwamba faili ndilo lililoleta ukimya nyumbani, na mimi nina wasiwasi na hapo. Ulivyonieleza, ukimya una miaka minne. Ulisikia kwa mnunuzi, ukabadilisha fomu, ukarudi ukapika. Mume wako ameona jina la mrithi. Sababu yake ameijua? Kwa namna alivyosema, yeye anadhani humpendi, au unamwona wa kukuzika tu. Wewe unajua ni kiwanja. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mpaka sasa kila mmoja anaomboleza lake.

Unaweza kumwambia, na inaweza kuwaka moto. Kiwanja kitafufuka, na huenda na wewe utaulizwa kwa nini ulinyamaza. Unaweza kusubiri hasira ipungue, na hatari yake ni kwamba rafiki wa grosari ataendelea kumpa tafsiri zake. Unaweza kwenda ofisini kesho ukamwandika yeye, ili nyumba itulie. Fomu ni yako, inabadilishwa wakati wowote. Ningekuomba tu usiibadilishe kwa woga kama vile ulivyoibadilisha kwa hasira, kwa sababu kiwanja kitakuwa bado hakijazungumzwa. Wanandoa wengine huweka mrithi zaidi ya mmoja, au watoto. Hayo mtayajua nyinyi. Kama mna mtu mnayemheshimu wote wawili, mzee wa kanisa au wasimamizi wenu wa ndoa, mwiteni, mradi mkianza muanzie Bomang'ombe na si kwenye WhatsApp.

Sikuambii ulalamike wala usisaini. Wewe ndiye unayejua Januari ina uzito gani na ukuta upi ndani ya nyumba utastahimili nini. Ila kama utaamua kuandika chochote, hata ile barua fupi ya kuuliza sharti la mkopo, ichape nakala mbili. Moja iache ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iwekwe tarehe na jina la aliyepokea, uondoke nayo. Na aliyepokea akiwa ni yule binti, msalimie vizuri.